Barua za hitilafu zisizokoma kutoka mfumo wa tiketi: tazama saa kabla ya kusoma kosa

Barua moja ikitoka kila dakika 5 tangu Ijumaa saa 11 jioni, kufikia Jumatatu saa 2 asubuhi zimefika 756. Mtu wa IT anazikuta kwenye simu akiwa bado amesimama ndani ya mwendokasi. Zote zinafanana, na wazo la kwanza huwa ni kuziwekea kichujio ziende moja kwa moja kwenye takataka. Usiziwekee. Siku mfumo huo huo utakapokuwa na habari mpya ya kukupa, nayo itaishia humo humo.

Mifano mingi hapa ni ya osTicket, mfumo unaogeuza barua za wateja kuwa tiketi, kwa sababu ni wa bure na barua zake za hitilafu zina maneno yasiyobadilika. Wenye Zammad, GLPI au Request Tracker watakuta maradhi ni yale yale. Mifumo hii yote hupokea barua ya mteja (mingi kwa kuichota kwenye kisanduku), huiandika kwenye hifadhidata, kisha humjibu mteja, na kila hatua kati ya hizo ina namna yake ya kulalamika.

Kabla ya kugusa kitu

Tafuta barua ya kwanza kabisa katika mfululizo. Ya mwisho mara nyingi inalalamikia matokeo tu, chanzo kimeshafunikwa. Mtumaji akiwa "Cron Daemon", aliyekuandikia ni seva yenyewe. Akiwa "MAILER-DAEMON" au "Mail Delivery Subsystem", ni seva ya barua inarudisha kitu kilichokosa pa kufikia. Likiwa ni jina la dawati lenu, hapo ndipo mfumo wa tiketi unasema. Watu hupoteza siku nzima wakifukua mipangilio ya tiketi kwa barua ambayo haikutoka huko.

Kisha tazama mwendo wake. Zinazokuja sawasawa kila dakika 5 zinatoka kwenye kazi za kroni, zile ambazo seva huziendesha yenyewe kwa ratiba. Zinazopishana kwa dakika 10 na kitu ni za uchotaji wa barua. Zinazoongezeka kasi zenyewe, moja ikizaa nyingine, ni mzunguko, na huo usisubiri umalize chai: ruka moja kwa moja kwenye sehemu yake hapa chini.

Saa nazo zina mtego wake. Seva nyingi za kukodi hutumia UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 3. Mhudumu akikwambia "imeanza saa nne asubuhi", simu yake ilisoma 10:00, na kwenye kumbukumbu (logs) za seva mstari huo uko 07:00. Anayefungua kumbukumbu na kutafuta 04:00 anasoma mambo ya saa moja asubuhi, ofisi ikiwa bado imefungwa, halafu anasema hajaona kosa. Andika `date` kwenye seva ujue inaishi saa ngapi.

Andika pia `df -h` ujue nafasi iliyobaki kwenye diski. Diski ikijaa asilimia 100, mfumo hutoa makosa ya kila aina na mengi yake hayataji diski.

Mwisho, kama utagusa hifadhidata, toa nakala kwanza kwa `mysqldump` na uihifadhi nje ya seva hiyo.

Dalili: barua ya "Cron Daemon" kila dakika 5

Kroni hutuma kwa barua chochote ambacho kazi yake imechapisha, hata onyo dogo lisilo na madhara. Kwa hiyo jiulize kwanza: tiketi mpya zinaingia? Kama zinaingia, una kelele. Kama haziingii, una hitilafu.

Kelele mara nyingi huanza baada ya mwenye hostingi (anayewakodisha seva) kupandisha toleo la PHP, lugha iliyoandikiwa mfumo, bila wewe kujua. Barua zinajaa mistari inayoanza na "Deprecated". Dawa ya haraka ni kuirudisha akaunti yako kwenye toleo la PHP ambalo mfumo wako unalikubali; paneli nyingi za hostingi zinaruhusu kuchagua. Dawa ya kudumu ni kupandisha mfumo wa tiketi wenyewe.

Tiketi zikiwa haziingii, angalia kwa mpangilio huu:

1. "No such file or directory": njia ya PHP au ya faili la kazi imebadilika. `which php` itakupa iliyopo sasa, `crontab -l` itakuonyesha iliyoandikwa.
2. "Call to undefined function imap_open()": PHP ya mstari wa amri haina kiongezi cha imap, hata kama ile ya tovuti inacho. Hizo ni PHP mbili, kila moja na mipangilio yake. Tangu PHP 8.4 kiongezi hicho hakiji tena pamoja na PHP, hupakuliwa peke yake.
3. "Permission denied": kuna mtu aliwahi kuiendesha kazi hii kama root (mtumiaji mkuu wa seva), ikaacha mafaili ambayo mtumiaji wa kawaida wa seva hawezi kuyaandika.

Kipimo ni kimoja kwa yote matatu: iendeshe kazi kwa mkono, kama mtumiaji yule yule wa kroni, kwa mfano `sudo -u www-data php /njia/ya/mfumo/api/cron.php`. Ikikaa kimya, imepona. Baada ya hapo unaweza kuongeza `>/dev/null` mwishoni mwa mstari wa kroni. Wengi hunakili pia `2>&1` kwa mazoea. Usikiweke kipande hicho, maana kinazika na makosa ya kweli.

Dalili: "osTicket is having trouble fetching emails"

Hii ndiyo inayolalamikiwa sana. Mfumo umejaribu kuingia kwenye kisanduku cha barua, umekataliwa mara 5 mfululizo, sasa unapumzika dakika 10 kabla ya kila jaribio, na kila jaribio likigoma unakuandikia tena. Chini ya barua kuna mstari wa "Error". Huo ndio wa kusoma. Maneno mengine yote ni yale yale kila siku.

Ukisema "AUTHENTICATIONFAILED", anza na jambo la kawaida kabisa: kuna mtu amebadilisha neno la siri la kisanduku na hakuliweka jipya kwenye mfumo. Fungua kisanduku hicho kwenye kivinjari kwa neno la siri lililoandikwa kwenye mfumo. Nakili na ubandike, usiandike upya kwa kukumbuka. Likikubali kwenye kivinjari na bado mfumo unakataliwa, tatizo ni njia ya kuingilia. Google ilizima kuingia kwa neno la siri la kawaida kutoka programu za nje kwa akaunti binafsi tarehe 30 Mei 2022, na kwa akaunti za ofisi mwaka 2025. Microsoft ilianza kuzima njia hiyo kwa IMAP na POP (njia za kuchota barua) kwenye visanduku vyake vya ofisi tarehe 1 Oktoba 2022. Kwa Google unaweza kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kisha ukatengeneza neno la siri la programu, lenye herufi 16. Kwa Microsoft hakuna mkato: unahitaji OAuth2 (kuingia kwa kibali badala ya neno la siri), ambayo kwenye osTicket ilikuja na toleo la 1.17. Aliye na toleo la zamani zaidi ya hapo ataendelea kukataliwa hata abadilishe neno la siri mara mia.

Walioshaweka OAuth2 wana ugonjwa wao. Siri ya programu inayotengenezwa kwenye paneli ya Microsoft ina tarehe ya kufa, na muda mrefu kabisa paneli inaouruhusu ni miezi 24. Aliyeufunga mfumo ameshahamia kazi nyingine, hakuna aliyeandika tarehe, na siku ikifika uchotaji unakufa bila mtu kugusa kitu. Ukitengeneza siri mpya, weka ukumbusho kwenye kalenda ya idara. Kalenda ya mtu huondoka na mtu.

"Certificate failure" maana yake cheti cha seva ya barua kimeisha muda, au jina lililo kwenye cheti si lile uliloandika kwenye mipangilio. Vyeti vya Let's Encrypt huishi siku 90, kwa hiyo kujisasisha kukigoma unajua ndani ya robo mwaka. Pima kwa `openssl s_client -connect mail.mfano.co.tz:993 -verify_hostname mail.mfano.co.tz`, ukiweka jina la seva yenu, na utafute "Verify return code: 0". Ukiona namba nyingine, mpigie mwenye seva ya barua. Kuzima ukaguzi wa cheti kunanyamazisha barua kweli, ila kuanzia hapo neno la siri la dawati zima linakwenda kwa yeyote atakayejifanya seva yenu.

"Connection timed out" na "Connection refused" ni mambo ya njia. Hakikisha poti kwanza: 993 kwa IMAP yenye usimbaji, 995 kwa POP3. Kama seva imefungwa hapo hapo ofisini, tazama umeme. Umeme ukikatika na jenereta likachelewa, seva iliyo kwenye UPS (betri ya akiba) inabaki hai huku ruta imezimika, na seva inahesabu kushindwa kimoja baada ya kingine. Barua zinatoka zote kwa mpigo mtandao ukirudi. Hapo hakuna cha kurekebisha kwenye mfumo. Ruta nayo iwekwe kwenye UPS. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilisuasua Tanzania na nchi jirani. Siku za namna hiyo mfumo uliofungwa Dar unaochota kisanduku kilicho ng'ambo hulalamika mchana kutwa, na kubadilisha mipangilio ni kujitafutia kosa la pili. Subiri.

Ofisi zenye laini mbili, ya faiba na ya akiba ya simu, zikihama kwenda ya akiba anwani ya IP inabadilika. Baadhi ya watoa huduma wa barua huona mtu mpya anaingia na kumzuia hadi mwenye akaunti athibitishe. Kama barua huanza kila faiba inapozimika, umeshajua.

Gmail nayo huruhusu miunganisho 15 tu ya IMAP kwa wakati mmoja kwa akaunti. Kisanduku cha dawati kikiwa kimefunguliwa pia kwenye simu za wahudumu wanane, nafasi huisha.

Dalili: mzunguko, barua zinazaana

Tiketi mpya zinafunguka zenye kichwa cha "Re: Re: Re:", au arifa ya tiketi inageuka kuwa tiketi, nayo inatoa arifa. Mzunguko wa barua moja kila sekunde 10 ni barua 360 kwa saa. Gmail ya bure inaruhusu kutuma 500 kwa siku, kwa hiyo ndani ya saa moja na nusu dawati lenu halitumi tena kitu, na wateja wa kweli hawajibiwi hadi kizuizi kiondolewe, ambacho kinaweza kuchukua hadi saa 24.

Zima kwa mpangilio huu. Kwanza majibu otomatiki ya idara inayohusika. Pili, iweke anwani ya upande wa pili kwenye orodha ya waliozuiwa. Tatu, kama bado zinamiminika, zima uchotaji wa kisanduku hicho peke yake. Usizime seva nzima: barua zitakusubiri kwenye kisanduku na mzunguko utaendelea palepale ukiiwasha.

Sasa tafuta kiini. Kinachotokea zaidi ni barua ya msimamizi kuelekezwa kwingine. Anwani ya msimamizi inayopokea hitilafu imewekewa kupeleka nakala kwenye anwani ya dawati, labda na bosi aliyetaka "kila kitu kiwe sehemu moja". Kila hitilafu inakuwa tiketi, na kila tiketi inamwarifu msimamizi. Kinachofuata ni mhudumu kusajiliwa kwa anwani ambayo mfumo wenyewe unaichota, au anwani ya kundi kama info@ ambayo ndani yake imo support@. Anwani ya msimamizi inapaswa kuwa kisanduku ambacho mfumo hauchoti wala hakielekezwi popote, basi.

Halafu kuna mifumo miwili inayosalimiana. Mteja wenu ana dawati lake lenye tiketi, na kila mmoja anamshukuru mwenzake kwa kuwasiliana naye. Hili lina kanuni yake: RFC 3834 ya mwaka 2004 inataka jibu lililotumwa na mashine lijitambulishe kwa kijajuu (mstari wa maelezo ulio juu ya barua) cha "Auto-Submitted", ili mashine ya upande wa pili isijibu. Fungua barua asili ya upande wa pili usome vijajuu. Kikiwapo "Auto-Submitted: auto-replied" na bado mfumo wenu umejibu, kasoro ni yenu: toleo la zamani, au kichujio cha njiani kinaondoa vijajuu. Kisipokuwapo, kasoro ni yao. Wapigie simu. Kuwaandikia barua kuwaambia wana mzunguko ni kuuongezea mzunguko kuni.

Wiki ya Sabasaba na sikukuu za Idi huleta aina nyingine, jibu la "nipo likizo". Majibu ya likizo ya mifumo mikubwa kwa kawaida hayamrudii mtumaji yule yule kila mara. Yaliyotengenezwa kwenye paneli ya cPanel, hata hivyo, yana nafasi ya kuweka saa za kusubiri kabla ya kumjibu tena mtu huyo huyo. Ikiwekwa 0, hujibu kila barua. Mwambie mwenye kisanduku aweke 24.

Kama breki, weka kikomo cha tiketi wazi kwa mtu mmoja. Kwa ofisi ya kawaida 10 zinatosha. Ukiacha 0 hakuna kikomo.

Usafishaji ufanye kwa mafungu, na baada ya kuchuja kwa anwani ya upande wa pili. Anayechagua tiketi 3,000 na kubofya futa mara moja hukatishwa na PHP katikati, na mara nyingi ndani ya rundo hilo kuna mteja wa kweli aliyeandika saa hiyo hiyo.

Dalili: "Excessive errors processing emails"

Mfumo umeingia kwenye kisanduku vizuri ila kuna barua hauwezi kuimeza, na unairudia kila uchotaji. Ingia kwenye kisanduku kwa kivinjari, hamishia barua kongwe ambazo hazijasomwa kwenye folda nyingine moja moja, na utazame ni ipi ikitoka njia inafunguka. Mara nyingi ni yenye kiambatisho kikubwa. Kumbuka faili la MB 20 likisafiri kwa barua huvimba kwa zaidi ya theluthi, kwa hiyo `memory_limit` ya PHP na `max_allowed_packet` ya MySQL zikiwa ndogo halipiti. Barua uliyoihamisha usiifute. Fungua tiketi yake kwa mkono.

Dalili: barua zinarudi

Soma namba. Inayoanza na 4 ni ya muda, seva itajaribu tena yenyewe. Inayoanza na 5 ni ya kudumu. "550 5.1.1" maana yake anwani haipo, na kwenye ofisi nyingi ni ya mhudumu aliyeacha kazi: IT walifunga kisanduku chake, hakuna aliyemtoa kwenye orodha ya arifa za idara. "552 5.2.2" ni kisanduku kimejaa. "550 5.7.1" ni kukataliwa, na hapo kagua SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa chenu, kwa `dig TXT mfano.co.tz`. Mmehamisha hostingi? SPF bado inataja seva ya zamani. Rekodi ya SPF iwe moja tu kwa kikoa; mbili ni sawa na kutokuwa nayo.

Kama zote zinarudi kwa wakati mmoja, angalia kikoa chenyewe kama kimelipiwa.

Dalili: "DB Error" yenye namba

Namba 1366 ni herufi zisizokubalika, hasa emoji: jedwali la zamani la utf8 halibebi herufi za baiti 4, linahitaji utf8mb4. Namba 1153 ni barua kubwa kuliko `max_allowed_packet`. Namba 1040, miunganisho imejaa. Namba 1054 baada ya kupandisha toleo maana yake zoezi halikukamilika: mafaili mapya, hifadhidata ya zamani. Rudi kwenye ukurasa wa kupandisha toleo ulimalize.

Namba 145, au neno "crashed", simama. Usijaribu kukarabati jedwali bila nakala, na kama hujawahi kufanya hivyo muite mtaalamu wa hifadhidata. Hivyo hivyo kwa kubadilisha jedwali lote kwenda utf8mb4: ni kazi ya usiku, yenye nakala iliyojaribiwa kurejeshwa.

Ukimtumia fundi kumbukumbu, usizirushe kwenye kundi la WhatsApp. Zina majina, namba za simu, pengine na maneno ya siri ya wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

Dalili: "Excessive login attempts"

Jina likiwa la mhudumu wenu, mpigie. Huenda kivinjari chake kimehifadhi neno la siri la zamani. Majina yakiwa "admin", "test", "root", yakipishana usiku kucha kutoka IP tofauti, kuna mtu anajaribu mlango. Ficha ukurasa wa wahudumu nyuma ya VPN au uruhusu IP za ofisi tu, na washa uthibitisho wa hatua mbili. Barua hizo zikikoma ghafla bila wewe kubadilisha chochote, fungua orodha ya walioingia usiku ule. Ukikuta jina lisilopaswa kuwamo, itenge seva na mtandao bila kuizima, usifute kumbukumbu hata moja, na muite mtu wa usalama kabla hujaanza kubadilisha maneno ya siri kutoka kwenye seva hiyo hiyo.